Pasimoni: tunda tamu linalowaadhibu wenye haraka

Kila ifikapo mwezi Oktoba, masoko ya miji ya Dallas, Fort Worth na Houston katika jimbo la Texas nchini Marekani huanza kuuza tunda la rangi ya chungwa, lenye ngozi laini na kofia ya majani manne makavu juu yake. Wageni wengi kutoka Afrika Mashariki hulidhania kuwa aina ya nyanya. Baadhi yao hulitia mdomoni mara moja tu, na huapa kutoligusa tena maishani.

Tunda hilo ni pasimoni. Waliosoma kwa Kifaransa huko Kongo, Rwanda na Burundi hulijua kwa jina la kaki, neno ambalo kwa Mswahili wa pwani huashiria zaidi kitambaa cha sare za askari kuliko kitu cha kuliwa.

Lawama wanazolitupia tunda hili kwa kawaida hazilistahili. Kuna pasimoni linaloliwa likiwa gumu kama tufaha, na kuna pasimoni ambalo haliwezi kuliwa mpaka lilegee kabisa na kuwa kama uji ndani ya ngozi yake. Aina hizi mbili mara nyingi huwekwa kwenye rafu moja, zikiwa na bei zinazokaribiana, na mnunuzi haambiwi ipi ni ipi.

Kwa anayenunua tunda moja, hasara ni ndogo. Kwa familia iliyokwisha kununua nyumba yenye uwanja nyuma na kuamua kupanda mti, mambo ni tofauti. Mpasimoni uliobebeshwa huchukua kiasi cha miaka mitatu hadi mitano kabla ya kuzaa vizuri, kwa hiyo aliyepanda aina asiyoikusudia huligundua kosa lake baada ya miaka kadhaa ya kumwagilia maji.

Ukakasi hutoka wapi

Anayetoka Mtwara, Lindi au Kilifi, kunakostawi mikorosho, hahitaji kuelezwa ukakasi ni nini. Bibo ambalo halijaiva sawasawa hukausha ulimi na kuyavuta mashavu kwa ndani. Ndizi mbichi hufanya hivyo, na zambarau pia kwa kiasi. Pasimoni changa huyashinda yote hayo kwa mbali.

Sababu ni kemikali ziitwazo tanini. Tanini zikiwa katika hali ya kuyeyuka hujishika na protini zilizomo kwenye mate, na protini hizo ndizo zinazoufanya mdomo uwe laini na wenye utelezi. Zikishanaswa, ulimi hubaki kama uliopakwa chokaa, na maji ya kunywa hayasaidii sana.

Linalowashangaza wengi ni kwamba tunda linapoiva tanini hazitoweki. Hugandamana zenyewe kwa zenyewe, zikawa vipande visivyoyeyuka, na hivyo hupita mdomoni bila ulimi kuzitambua. Sukari ilikuwemo tangu mwanzo. Ilikuwa imefunikwa tu.

Wakulima wa Asia walijifunza zamani jinsi ya kuiharakisha kazi hiyo. Nchini Japani mapasimoni hunyunyiziwa pombe kali na kufungiwa ndani ya chombo kwa siku kadhaa. Viwanda vya siku hizi hutumia gesi ya kaboni dayoksaidi, na ndivyo wafanyavyo Wahispania kwa aina yao iitwayo Rojo Brillante na Waisraeli kwa ile inayouzwa kwa jina la Sharon. Njia zote mbili huifanya nyama ya tunda itoe asetaldehaidi, na kemikali hiyo ndiyo inayozigandisha tanini huku tunda likibaki gumu.

Nyumbani hakuna haja ya mitambo. Pasimoni kali likiwekwa ndani ya mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu au tufaha huiva kwa haraka zaidi, kwa sababu matunda hayo hutoa gesi ya ethilini. Mama yeyote aliyewahi kuvundika ndizi ataielewa njia hiyo bila maelezo marefu. Njia nyingine ni kuligandisha tunda kwenye friza usiku kucha na kuliacha liyeyuke asubuhi. Ukakasi hupungua mno, ingawa tunda hulegea.

Ndugu wa mti wa sanamu

Mipasimoni imo katika jenasi ambayo wataalamu wa mimea huiita Diospyros, jina lililotungwa kwa Kigiriki na lenye maana inayokaribia nafaka ya mungu Zeus. Jenasi hiyo ina spishi zaidi ya 700, nyingi zikiwa za nchi za joto, na ndiyo inayotoa mbao nyeusi zinazoitwa eboni katika biashara ya dunia.

Hapa pana mkanganyiko unaowagusa Waafrika Mashariki moja kwa moja. Mpingo, mti ambao Wamakonde huchonga sanamu zao, hauhusiani na eboni hiyo licha ya weusi wake. Mpingo ni Dalbergia melanoxylon, wa jamii ya mikunde, ndugu wa mbali wa maharage. Wenye udugu wa kweli na pasimoni ni miti mingine ya Afrika, mmojawapo ukiwa Diospyros mespiliformis, unaoota katika nyika na kando ya mito kutoka Senegal hadi Kenya, Tanzania na Afrika Kusini. Matunda yake madogo ya manjano huliwa na watu, nyani na ndege. Kwa hiyo Mwafrika Mashariki anayelistaajabia pasimoni mjini Houston huenda aliwahi kula binamu yake utotoni, akichunga mbuzi.

Huko Texas spishi tatu ndizo zenye uzito. Mbili ni za asili na moja imetoka ng'ambo.

Ya kwanza ni mpasimoni wa Kimarekani, Diospyros virginiana. Jina lenyewe la tunda limetokana na lugha ya Kialgonquian ya wenyeji wa Virginia, waliokuwa wakilikausha na kulihifadhi kwa ajili ya majira ya baridi. Nahodha Mwingereza John Smith, aliyefika Virginia mwanzoni mwa karne ya 17, aliandika kwamba likiliwa kabla ya kuiva huupinda mdomo wa mtu kwa mateso makubwa, lakini likiiva huwa tamu kama aprikoti. Hakuna aliyewahi kulieleza kwa usahihi zaidi tangu wakati huo.

Mti huu humea wenyewe mashariki mwa Texas na katika misitu ya bonde la mto Trinity, unaopita katikati ya Dallas. Kama mpapai, una miti dume na miti jike, na ni jike pekee lizaalo. Matunda yake ni madogo, yenye mbegu kubwa bapa, na huiva kuanzia Septemba. Oposamu, rakuni na mbweha hawangoji mtu ayachume. Wenyeji wa vijijini wana desturi ya kuipasua mbegu katikati na kutazama umbo la kiini chake: likifanana na kijiko, husema, theluji itakuwa nyingi, likifanana na kisu, upepo utakata. Watabiri wa hali ya hewa hawajaishiwa kazi kwa sababu hiyo.

Ya pili ni mpasimoni wa Texas, Diospyros texana, ambao Wameksiko huuita chapote. Huota katika ardhi ya mawe ya chokaa katikati na kusini mwa jimbo hilo na kaskazini mwa Meksiko. Ni mti mfupi wenye gome la kijivu linalobambuka kama la mpera, na wapo wanaoupanda kwa uzuri wa gome hilo tu. Tunda lake halizidi ukubwa wa zambarau na, kama zambarau, huwa jeusi na huacha doa. Nchini Meksiko maji yake yalitumika kutia ngozi rangi. Ni tamu likiiva, lakini anayelila hawezi kuficha alichokula.

Ya tatu ni ile iliyojaa madukani, Diospyros kaki, yenye asili ya China na iliyoendelezwa kwa karne nyingi nchini Japani na Korea. Mbegu zake zilifika Marekani mwaka 1856, zikiwa zimetumwa na Komodoo Matthew Perry, yule aliyeilazimisha Japani kufungua bandari zake. Mwaka 1870 wizara ya kilimo ya Marekani ikaleta miche iliyobebeshwa na kuigawa katika majimbo kadhaa.

Kulitambua tunda kwa sura

Kanuni inayotumiwa na wanunuzi wengi ni hii: pasimoni lililobetwa kama nyanya huliwa gumu, na lililochongoka chini kama moyo husubiriwa lilegee. Kanuni hiyo inasaidia, lakini haitoshi.

Maarufu kuliko yote katika kundi la matunda yanayoliwa magumu ni Fuyu. Humenywa au kuliwa na ngozi yake, hukatwa vipande na kuingizwa kwenye kachumbari, na ladha yake huwakumbusha wengine embe dodo lisiloiva sana, wengine boga lililotiwa asali. Jiro ni karibu sawa nalo, na katika maduka ya Marekani huuzwa mara nyingi kwa jina hilo hilo la Fuyu. Izu huiva mapema zaidi na mti wake ni mdogo, jambo linalowafaa wenye uwanja finyu.

Katika kundi kali, Hachiya ndilo mfalme. Ni kubwa, limechongoka, lina rangi ya kuvutia, na ndilo lililowatia watu wengi hofu. Likiiva kabisa huliwa kwa kijiko, na wapishi hulitumia kwa keki na mikate.

Eureka ndilo linalovuruga kanuni ya sura. Ni bapa, jekundu, mtu anaweza kulidhania Fuyu kwa urahisi, kumbe ni kali mpaka lilegee. Nalo ndilo ambalo wataalamu wa ugani wa chuo kikuu cha Texas A&M wamelipendekeza kwa muda mrefu, kwa kuwa mti wake ni mdogo, huzaa sana na umethibitika kufaa katika jimbo hilo hata kwa biashara. Tamopan nalo ni bapa na kali, ila hujitambulisha lenyewe: lina mkunjo unaolizunguka kama mkanda, utadhani limevaa kofia ya pili. Tane-nashi, ambalo jina lake kwa Kijapani maana yake ni lisilo na mbegu, ni kali pia na umbo lake ni la pia.

Liko kundi la tatu ambalo wachache hulijua. Tunda liitwalo Chocolate, kwa mfano, hutegemea uchavushaji. Ua likichavushwa na mbegu zikaota ndani, nyama hugeuka kahawia na kuwa tamu hata ikiwa ngumu. Lisipochavushwa hubaki la chungwa na kali. Tunda moja linaweza hata kuwa na upande mtamu na upande mkali, jambo ambalo limewavunjia wauzaji wengine heshima bila kosa lao.

Miji miwili, ardhi mbili

Dallas na Houston zimetenganishwa na mwendo wa saa nne hivi kwa gari, lakini kwa mkulima ni nchi mbili.

Dallas imejengwa juu ya udongo mweusi mzito unaovimba wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, kiasi cha kuzitikisa nyumba. Fort Worth, upande wa magharibi, ina maeneo mengi yenye mawe ya chokaa karibu na uso wa ardhi. Houston iko tambarare karibu na Ghuba ya Meksiko, ina mvua nyingi zaidi, unyevunyevu wa kuwakumbusha watu Mombasa au Dar es Salaam, na udongo wa mfinyanzi ambao maji husimama juu yake kwa siku nyingi.

Kwa sababu hiyo mche unaouzwa haupimwi kwa tunda tu bali pia kwa mizizi. Kaki hubebeshwa juu ya shina la spishi nyingine, na huko Texas shina linalopendekezwa ni la mpasimoni wa asili, Diospyros virginiana, unaovumilia udongo mzito kuliko mengine. Katika Houston wakulima huinua tuta kwanza, ndipo hupanda juu yake, ili mizizi isizame.

Miche huuzwa mwezi Januari na Februari, ikiwa haina majani na wakati mwingine haina hata udongo kwenye mizizi. Houston ina shirika liitwalo Urban Harvest ambalo limekuwa likiandaa mauzo ya miche ya matunda kila mwanzo wa mwaka. Mnunuzi mgeni hushtuka akiona mizizi ya mpasimoni ni myeusi kama iliyoungua. Hiyo ndiyo rangi yake ya asili, na wengi wameitupa miche mizima wakidhani imekufa. Mti huu pia huchelewa kuchipua, na huwatia watu wasiwasi wakati majirani zao wamekwisha kuona maua ya mipichi.

Baridi ndiyo mtihani mkubwa. Mwezi Februari mwaka 2021 kimbunga cha theluji kiliiteremsha Texas katika giza: umeme ulikatika, watu zaidi ya 200 walipoteza maisha, na mabomba yalipasuka katika nyumba nyingi. Katika uwanja wa ndege wa Dallas-Fort Worth kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 19 chini ya sifuri, na Houston karibu nyuzi 11 chini ya sifuri. Michungwa na milimau ya Houston iliangamia kwa wingi. Kaki, ambayo hupukutisha majani na kulala usingizi wakati wa baridi, huweza kustahimili kiasi hicho cha Houston. Kile cha Dallas kiko ukingoni mwa uwezo wake au hata nje yake.

Ndiyo maana upande wa kaskazini wa jimbo wako wanaopendelea chotara za kaki na mpasimoni wa Kimarekani, kama vile Nikita's Gift, iliyozalishwa katika bustani ya mimea ya Nikita, Crimea. Matunda yake ni madogo na ni makali mpaka yalegee, lakini mti hustahimili baridi zaidi.

Kosa jingine la kawaida ni la ukarimu. Mpasimoni mchanga ukipewa mbolea nyingi ya naitrojeni, au ukikosa maji mwezi Julai na Agosti, huangusha matunda yote. Mwenye mti humwongezea mbolea kwa huruma, na hali huzidi kuwa mbaya.

Mti uliopiga mipira

Fort Worth ina uhusiano mwingine na mpasimoni, usiohusu kula. Mbao za mpasimoni wa Kimarekani ni ngumu mno, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 ndizo zilizotumika kuchonga vichwa vya fimbo za gofu za kupigia mipira ya mbali. Ben Hogan na Byron Nelson, wachezaji wawili wakubwa katika historia ya mchezo huo, walianza wakiwa vijana wa kubeba mifuko ya wachezaji katika klabu moja ya Fort Worth, na Hogan baadaye alifungua kiwanda cha vifaa vya gofu mjini humo. Chuma kilianza kuichukua nafasi ya mbao katika miaka ya 1980, na kufikia mwisho wa karne fimbo za mpasimoni zilikuwa zimekuwa vitu vya kumbukumbu.

Nani ajihadhari

Pasimoni la kawaida la Kijapani lenye uzito wa gramu 168 lina kiasi cha gramu 31 za wanga, ambazo gramu 21 ni sukari, pamoja na gramu 6 za ufumwele. Mwenye kisukari hakatazwi kulila, ila alihesabu kama anavyohesabu chakula kingine cha wanga.

Hatari isiyojulikana sana ni nyingine. Tanini za pasimoni zikikutana na asidi ya tumboni huweza kuganda na kujikusanya pamoja na nyuzinyuzi za chakula, zikafanya bonge gumu ambalo madaktari huliita bezoari. Bonge hilo likikua huweza kuziba tumbo au utumbo, na baadhi ya wagonjwa hulazimika kupasuliwa. Wanaokabiliwa zaidi ni waliokwisha kufanyiwa upasuaji wa tumbo, na wenye kisukari cha muda mrefu ambao tumbo lao husaga chakula polepole. Watu hao hushauriwa wasile mapasimoni mengi kwa mara moja, hasa mabichi, yenye ngozi, na tumbo likiwa tupu. Mtu mwenye afya anayekula tunda moja au mawili mabivu hana sababu ya kuogopa.

Mbegu mfukoni

Texas imekuwa miongoni mwa majimbo ya Marekani yaliyopokea wakimbizi wengi zaidi, wakiwemo Wakongo na Warundi, na wengi wao walikuwa wakulima kabla ya vita kuwatoa makwao. Mjini Houston shirika la Plant It Forward, lililoanzishwa mwaka 2011, limewafunza wakimbizi, wengi wao kutoka Kongo, kulima mboga ndani ya mji na kuziuza. Si ajabu basi kwamba anayelipenda pasimoni huwaza mara moja kulipeleka nyumbani.

Kwa upande wa hali ya hewa wazo hilo si la kupuuzwa. Kaki huhitaji baridi kidogo tu ili ichanue vizuri, na nyanda za juu kama Limuru, Lushoto na Njombe, ambako maplamu au matufaha hupatikana, zinafanana zaidi na mahitaji yake kuliko pwani.

Tatizo ni mbegu yenyewe. Fuyu la dukani mara nyingi halina mbegu hata moja, na likiwa nazo, mti utakaoota hautakuwa Fuyu, kama vile kokwa la embe lisivyoleta embe lile lile kila mara. Aina huhifadhiwa kwa kubebesha vikonyo peke yake. Na vikonyo, miche na mbegu haviruhusiwi kuingizwa kiholela: Kenya humtaka mwagizaji apate kwanza kibali cha KEPHIS, taasisi ya ukaguzi wa afya ya mimea, na Tanzania ina mamlaka yake ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Nchi zote mbili hudai pia cheti cha afya ya mimea kutoka Marekani, na mzigo ukifika bila hati hizo wakaguzi wana mamlaka ya kuutwaa na kuuteketeza.